Usikubali kuambiwa "tutambeba"

Hebu jaribu jambo hili wiki ijayo. Piga simu katika hoteli tatu au nne unazozijua hapa Nairobi, uulize kama mtu anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kuja kula chakula cha mchana. Jibu utakalopewa aghalabu, tena kwa sauti ya ukarimu, ni hili: "Hakuna shida, mlete tu. Tutambeba."

Wanaolitoa jibu hilo hawana nia mbaya hata kidogo. Mkenya akiona mwenzake amekwama penye ngazi hujitolea kabla hajaombwa, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini "tutambeba" maana yake ni kwamba njia hakuna. Maana yake ni mtu mzima na heshima zake, pengine mama wa watoto wanne au mwalimu mstaafu, kuinuliwa na vijana wawili asiowajua mbele ya wateja wote, mmoja amemshika kwapani na mwingine magotini. Na mmoja wao akiteleza je?

Usidhani haya ni mambo ya jirani. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi walikuwa na ulemavu wa aina moja au nyingine, na ugumu wa kutembea ndio uliokuwa mwingi kuliko yote. Ongeza hapo kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda na babu ambaye magoti yamemchoka. Ni familia chache jijini zisizo na mtu wa namna hiyo.

Shangazi yangu amekuwa akitumia kiti cha magurudumu tangu alipopatwa na kiharusi. Alipotimiza miaka 60, watoto wake waliamua kumpeleka mjini kula. Kifungua mimba wake alipiga simu mapema na kuambiwa hakuna shida. Tulipofika tukakuta hoteli yenyewe iko ghorofa ya kwanza na lifti hakuna. Basi shangazi akabebwa. Chakula kilikuwa kitamu, kuku wa kienyeji kwa chapati, na wahudumu walikuwa wachangamfu. Lakini shangazi hakuigusa soda yake. Hata maji hakunywa, na siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Nilipomsogezea glasi, aliniambia polepole ili wengine wasisikie: "Mwanangu, kupanda nimebebwa. Chooni nitabebwa na nani?"

Mlango wa choo cha hoteli ile ulikuwa mwembamba kuliko kiti chake.

Waulize wanaotumia viti hivi nao watakuambia kwamba wengi huacha kunywa maji tangu asubuhi siku wanapotoka nyumbani. Hiyo si kujinyima kwa hiari. Isitoshe, ni hatari kwa afya, kwani madaktari huwasisitizia watu walioumia uti wa mgongo wanywe maji ya kutosha kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo huwasumbua sana. Kwa hiyo unapotafuta mahali pa kumpeleka mama, mume au rafiki wa chuoni, choo ndicho cha kwanza kuulizia. Chakula utakiulizia baadaye.

Hebu sasa tuone namna ya kuuliza. Ukiuliza, "Je, mnapokea watu wenye ulemavu?" utajibiwa ndiyo, maana ni nani atakayesema hapana? Uliza hivi: "Kutoka barabarani hadi mezani kuna ngazi ngapi?" Swali hilo halijibiwi kwa ukarimu, hujibiwa kwa hesabu. Mhudumu akisema hakuna hata moja, muulize na ile ya mlangoni. Ngazi moja ya mlangoni watu wenye miguu mizima huwa hawaihesabu. Wanaipanda kila siku bila kuiona.

Kisha uliza upana wa mlango wa choo kwa sentimita. Mhudumu atacheka. Mwombe kwa upole akapime, na kama hana futi, apime kwa karatasi za kuandikia, kwa kuwa karatasi ya A4 ina urefu wa karibu sentimita 30. Mlango unaotoshana na karatasi mbili tu ni mwembamba mno. Wewe nawe pima kiti chenu kabla ya kupiga simu, kwa futi ya fundi cherehani, kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja hadi ukingo wa nje wa la pili. Viti vingi vya watu wazima huwa kati ya sentimita 60 na 70. Ongeza nafasi ya mikono ya anayejisukuma, utaona kwamba mlango wa chini ya sentimita 80 ni taabu, na wa 90 ndio wa raha. Ndani ya choo nako panatakiwa nafasi ya kugeuza kiti, kama mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, na chuma cha kushikilia ukutani. Nimeona vyoo vyenye alama ya kiti cha magurudumu mlangoni ambavyo ndani yake mmewekwa ndoo, fagio na kreti tupu hadi dari.

Suala la meza halina maneno mengi. Katika hoteli nyingi za kuku na chipsi, viti na meza vimekazwa sakafuni kwa skurubu, hivyo mwenye kiti chake hana pa kuingia ila akae kwenye njia ya wahudumu akigongwa na sinia. Ulizia meza inayosogezwa.

Mteremko wa mlangoni nao una hesabu yake. Kipimo kinachotumiwa na wajenzi kwingi duniani ni kwamba kwa kila sentimita 1 ya kupanda kuwe na sentimita 12 za urefu. Yaani ngazi moja ya sentimita 15 huhitaji mteremko wa sentimita 180, na ngazi mbili za namna hiyo mita 3.6. Ukikuta mteremko mfupi uliosimama wima kama paa la nyumba, huo ulijengwa kwa ajili ya kusukumia kreti za soda. Mtu akiupanda kwa kiti anaweza kuanguka kichalichali.

Je, mahali penyewe ni wapi? Kwa wenye nacho jibu ni rahisi. Majumba makubwa ya maduka kama Sarit Centre kule Westlands, Yaya Centre, Village Market kule Gigiri au Garden City kwenye Barabara ya Thika yana lifti na sakafu tambarare, na ndani yake mna mikahawa tele. Hata hapo usiache kuuliza juu ya meza na choo. Lakini familia ya Umoja au Kayole ikiingia huko watu sita, bili yake inaweza kumaliza pesa za unga wa mwezi. Hapa ndipo penye uchungu hasa. Pale ambapo chakula ni cha bei ya mwananchi, yaani River Road, Tom Mboya na mitaa ya kando yake, majengo mengi ni ya zamani, ngazi ni nyembamba na hoteli nyingi ziko ghorofani kwa sababu kodi ya huko ni nafuu.

Mimi ningekushauri usizidharau sehemu za nyama choma. Nyingi huwa ziko chini, wazi, na meza zake za mbao husogezwa kwa mkono mmoja. Mteja wa kiti cha magurudumu akifika huinuliwa benchi moja tu, naye akawa mezani kama wenzake. Kasoro yao ni kule kule kwenye choo, na mara nyingine matope wakati wa mvua. Nenda ukaangalie siku moja kabla, hasa katika masika.

Tukija kwenye usafiri, hapa ndipo wengi hukata tamaa na kubaki nyumbani. Matatu ya abiria 14 mlango wake ni mwembamba na kidato chake kiko juu. Kiti lazima kikunjwe, na utingo hutaka kilipiwe kama abiria wa pili. Mara nyingi matatu haisimami kabisa, maana dereva akiona magurudumu anaona dakika 5 zikipotea. Mabasi makubwa nayo yana ngazi mbili tatu na aghalabu chuma katikati ya mlango. Kama hamna budi kupanda matatu, pandeni kwenye steji inakoanzia, wakati ingali inangoja abiria na utingo hana haraka, wala msingoje njiani. Patana nauli ya kiti kabla ya kukikunja. Asubuhi ya Jumapili ni nafuu kuliko siku ya kazi.

Teksi za kuitwa kwa simu zimesaidia, lakini nazo zina mtego. Ukichagua ya bei ya chini kabisa, huenda ikaja gari dogo ambalo buti lake halitoshi hata sanduku la mwanafunzi wa bweni. Mpigie dereva mara tu anapokubali safari, umwambie kuna kiti cha magurudumu, umuulize kama viti vyake vya nyuma hulala. Gari la namna ya Probox au Fielder ndilo zuri, kwani kiti huingia nyuma bila kufunguliwa magurudumu. Dereva akianza kulalamika kwenye simu, mwache aende zake, umtafute mwingine. Ni afadhali kungoja dakika 10 kuliko kubishana barabarani na mgonjwa yuko juani.

Ukishashuka, kuna njia ya miguu. Barabara kadhaa za katikati ya jiji, kama Kenyatta Avenue na Muindi Mbingu, zimewekewa njia pana za matofali, na kusukuma kiti hapo ni raha. Kwingine wamesimika vyuma ili kuzuia pikipiki zisipande. Pikipiki hupenya, kiti hakipiti! Shukeni karibu na mlango iwezekanavyo, hata kama dereva atazunguka jengo mara ya pili.

Wenzetu wa Dar es Salaam walipoanza kutumia mabasi ya mwendo kasi mwaka 2016, vituo vya njia kuu vilijengwa hivi kwamba sakafu ya kituo inalingana na sakafu ya basi, mtu akaingia bila kupanda ngazi. Hapa Nairobi mpango wa mabasi ya namna hiyo umezungumzwa miaka na mikaka.

Wala si kwamba sheria hatuna. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma kwa kiwango kinachofaa. Kabla ya hapo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5, na wenye magari ya abiria miaka 2, kufanya marekebisho tangu siku vifungu hivyo vitakapoanza kutumika. Mwaka 2025 sheria mpya ilichukua mahali pa ile ya 2003. Katikati ya sheria hizo mbili kuna watoto waliozaliwa, wakasoma, wakamaliza shule ya upili, na matatu ni zile zile. Ukimwonyesha utingo kifungu cha 54 pale steji atakuuliza unashukia wapi.

Kwa sababu hiyo mimi naona mwenye hoteli ndiye wa kuzungumza naye kwanza, tena si kwa ukali. Yeye ana la kupata. Mtu mmoja akishindwa kuingia, watu sita aliofuatana nao huondoka pia, na sherehe yao huhamia kwingine. Mpigie hesabu. Mteremko wa ngazi moja, wenye urefu wa mita 1.8 na upana wa mita 1, hauhitaji zaidi ya mifuko miwili ya saruji, mchanga na kokoto kidogo, na fundi wa siku moja. Kama njia ya miguu mbele ya mlango ni nyembamba, ubao mpana wenye urefu huo huo, unaotolewa mteja anapofika na kurudishwa ndani, utafaa. Mlango wa choo ni kazi kubwa zaidi, lakini kuugeuza ufunguke kwa nje badala ya ndani ni kazi ya bawaba tu, na huongeza nafasi mara moja.

Wanafunzi mlioko vyuoni, nanyi mnaweza kuifanya kazi hii Jumamosi moja. Chukueni futi, mpite mtaa mmoja mzima, muandike hoteli kwa hoteli: ngazi ngapi, mlango upana gani, meza husogea au la. Kama kuna mwenzenu anayetumia kiti, yeye ndiye awe kiongozi wa msafara, kwa kuwa ataona mambo ambayo nyinyi mtayaruka.

Na wewe msomaji, kama unaijua hoteli ya bei ya kawaida, hapa Nairobi, Mombasa, Kisumu au Nakuru, ambayo mtu huingia na kiti chake, akala, akaenda msalani na kutoka bila kubebwa, iandikie meza yetu ya Jumapili. Taja mtaa, idadi ya ngazi, na usisahau sentimita za mlango wa choo.