Anayeokota Makopo Ana Akili Kutuzidi

Mtu akichanganyikiwa, Waswahili tunasema ameanza kuokota makopo. Aliyeachwa na mchumba, aliyeshindwa uchaguzi, aliyetapeliwa kiwanja, wote tunawatabiria makopo. Basi Jumapili moja alfajiri niliamua kumtazama vizuri huyo mwendawazimu wetu, nje ya baa moja ya Kirumba, wageni wakiwa wameshaondoka na mfagiaji hajafika.

Alikuwa kijana mwenye kiroba begani. Akiokota kopo la bia alilitikisa, akamwaga mabaki, akalisimamisha chini na kulikanyaga kwa kisigino mara moja tu. Likawa bapa kama chapati. Chupa za maji za plastiki aliokota zile kubwa, ndogo akaziruka. Vifungashio vya biskuti na karanga hata hakuvitazama. Baadaye nilimkuta kwa mnunuzi wa skrepa. Mnunuzi alipitisha sumaku kwenye mzigo: kinachonata ni chuma, kisichonata ni alumini, na bei zake haziko sawa. Kisha akayatikisa makopo moja moja, maana wapo wanaotia mchanga ndani ili mzani uzame. Kilo moja inataka makopo kama 70. Pale sikuona mwendawazimu yeyote. Niliona watu wawili wanaojua hesabu.

Nawasimulia haya kwa sababu kuna imani moja imeota mizizi katika jiji letu la Mwanza, kuanzia ofisi ya mtaa mpaka meza ya mgeni rasmi: kwamba tunachafua kwa sababu hatuna elimu. Wananchi wakielimishwa, tunaambiwa, taka zitakwisha. Ndiyo maana kila mwaka kuna semina, fulana, gari la kipaza sauti na mapipa ya rangi tatu ambayo baada ya miezi michache yanabeba takataka za aina moja: zote.

Imani hiyo si kweli, na ushahidi uko Mto Mirongo. Mvua kubwa ikinyesha, simama darajani utazame kinachoshuka kuelekea ziwani. Utaona chupa za plastiki, vifungashio, nailoni, kandambili isiyo na mwenzake. Kopo la alumini utalitafuta kwa tochi. Ajabu ni kwamba waliotupa vyote hivyo ni watu walewale, wa milima ileile ya mawe, wenye elimu ileile. Kama tatizo lingekuwa ujinga, mto ungeshuka na kila kitu kwa usawa. Lakini mto unachagua. Unabeba kisicho na bei na kuacha chenye bei.

Kopo lina bei kwa sababu zinazoeleweka. Kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika kunahitaji karibu asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitengeneza upya kutoka kwenye madini yake. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, joto ambalo hata fundi wa kusubu sufuria hulipata kwa mkaa na kipulizio. Hakuna aliyemwendea kijana wa Kirumba na bango la utunzaji wa mazingira. Mzani ulimtosha.

Walio na umri wangu wanakumbuka chupa ya soda. Ukitumwa dukani bila chupa tupu, hupewi soda. Utainywea palepale chini ya macho ya mwenye duka, au uache fedha ya chupa, au umiminiwe kwenye mfuko wa nailoni na mrija juu, uende nao nyumbani ukiushika kama kifaranga. Aliyevunja chupa alichapwa. Kreti ilihesabiwa kama ng'ombe wa mahari. Sikumbuki ofisa yeyote aliyekuja shuleni kutufundisha kurejesha chupa, na bado hukuiona chupa ya soda imezagaa mtaroni. Tulikuwa na urejelezaji kabla hatujalijua neno lenyewe. Kisha ikaja chupa ya plastiki isiyodaiwa na mtu. Tabia yetu ikabadilika, na lawama tukaibebesha elimu yetu.

Anayedhani wenzetu wa Ulaya wameokolewa na ustaarabu atazame vizuri. Wasweden waliweka amana, yaani ile fedha ya chupa, kwenye makopo ya alumini mwaka 1984. Ujerumani, nchi isiyopungukiwa shule, ilianza tarehe 1 Januari 2003 kudai amana kwenye makopo na chupa za kutumia mara moja, na leo ni senti 25 za yuro kwa kila moja. Profesa na mlevi wote wanarudisha kopo dukani. Serikali zao hazikumngoja raia awe malaika. Sisi tunamngoja wa kwetu.

Na hapa nyumbani? Mifuko ya plastiki haikutoweka madukani kwa semina. Ilitoweka kuanzia tarehe 1 Juni 2019, katazo lilipoanza kazi likiwa na faini nyuma yake. Kabla ya hapo, tarehe 9 Desemba 2015, Rais John Magufuli alipoifanya Sikukuu ya Uhuru kuwa siku ya usafi, nchi nzima ilishika mifagio. Ilikuwa siku nzuri. Ila ufagio huhamisha taka tu. Bei ndiyo huziita zirudi.

Gharama ya kusubiri tunaila mezani. Watafiti walinunua sangara 20 na sato 20 hapa Mwanza, wakawapasua matumbo. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, plastiki ilithibitishwa kwa samaki mmoja kati ya watano, kwa sangara na kwa sato vilevile. Sato huyo hakukosa elimu.

Najua nitakachojibiwa: bei nayo ina mashetani yake. Kweli. Bei ndiyo inayong'oa mfuniko wa chemba, alama ya barabarani na waya wa umeme. Bei ndiyo inayochanganya kopo na vipuri vya injini ndani ya tanuri moja. Huko Cameroon, utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba madini ya risasi hutoka kwenye sufuria za skrepa na yanaweza kuingia kwenye chakula. Kwa hiyo mnunuzi awe na leseni na daftari, na sufuria ipimwe. Lakini mambo hayo husimamiwa kwa sheria na ukaguzi. Kipaza sauti hakimo.

Ninachodai ni kifupi. Kila chupa ya plastiki na kila kopo la kinywaji liuzwe na amana, tuseme shilingi 100, inayorudi kwa yeyote atakayelileta. Maskini hataumia: akirudisha, anarudishiwa; akiokota ya tajiri, anapata. Viwanda vina magari yanayoshusha kreti zilizojaa na kupandisha tupu kila siku; magari hayohayo yabebe na hizi. Na waokotaji waachwe wafanye kazi. Wapewe vitambulisho, glavu na mahali pa kupimia mzigo wao, badala ya kufukuzwa kama kunguru kila mgeni mkubwa anapotembelea jiji.

Mwaka huu gari la kipaza sauti litapita tena Mabatini na Igogo likituasa tuwe wastaarabu. Litampita kijana mwenye kiroba, nyuma yake vijana wa fulana mpya wakigawa vipeperushi na maji ya chupa ndogo. Jioni vipeperushi na chupa hizo vitalala mtaroni, vikingoja mvua. Mwenye kiroba atakuwa ameshapima mzigo wake na kwenda nyumbani. Niambieni sasa, kati yao ni nani aliyerukwa na akili?