Neno "ni vile tulikuta" linaua kazi



Mwezi huu tujiulize: kazi ya pamoja inawezaje kuendelea kuwa nzuri, hata viongozi wakibadilika? Komite mpya ikichaguliwa, inaanza na nguvu. Wanafagia, wanapanga vitabu, wanaita mikutano. Nyuma ya miezi mitatu, yote yamerudi kama zamani. Ukiuliza sababu, unajibiwa: "Ni vile tulikuta."

Tuangalie mfano wa hapa kwetu. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola pande za Mangina, karibu na Beni. Ugonjwa ukafika Butembo na Katwa. Watu wengi hawakuamini ekipe za riposti. Waliona wafu wao wanafungwa ndani ya mifuko isiyoonyesha kitu, wakasema eti mna mawe tu. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa.

Basi, nini kilibadilika? Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walikuwa wakiandika maulizo na malalamiko ya watu, na kuyafikisha kwa wenye kuamua. Ikaletwa mifuko ya kuonyesha ndani, jamaa wamwone mfu wao. Huko Beni wagonjwa waliwekwa katika vyumba vya plastiki ya kuonyesha, ndugu wakawaona na kuzungumza nao bila kuambukizwa. Waliopona walipewa kazi ya kulea watoto ambao mama zao walikuwa kitandani, kwani miili yao ilikwisha kupata kinga. Waganga nao, tangu Novemba 2018, walilinganisha dawa 4. Agosti 2019 ilionekana kwamba 2 zinaokoa watu zaidi, wakaacha zile zingine.

Ebola ile iliisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa walikuwa 3,470, wakafa 2,287. Ikarudi. Februari 2021, pande za Butembo: wagonjwa 12, wakafa 6. Oktoba 2021, Beni: wagonjwa 11, wakafa 9. Agosti 2022, Beni tena: mgonjwa 1 tu, naye alikufa. Hatusemi kwamba kusikiliza peke yake ndiko kulifanya hayo. Chanjo pia ilikuwapo. Lakini magari ya wageni yalipoondoka, elimu ilibaki kwa wauguzi na watu wa hapa hapa.

Na wewe, ndugu msomaji, katika kooperative ya wachimbaji, katika likelemba, katika shule ao kwaya, ufanye nini?

Kwanza, wekeni kaye moja ya makosa na malalamiko. Andika jambo, usiandike jina la mtu. Watu wakiogopa kuhukumiwa, wataficha. Mchimbaji akiona ufa katika ukuta wa shimo na kusema, asichekwe eti ni mwoga. Akinyamaza, kesho mnachimba kwa kutafuta maiti.

Pili, kila juma chagueni jambo moja dogo la kutengeneza. Mambo kumi kwa mara moja hayafiki mwisho.

Tatu, rudini kwa yule aliyelalamika, mmwambie mlichobadilisha. Asipoona kitu, hatasema tena.

Nne, mwenye kazi amfundishe mwingine tangu leo. Mtunza sanduku akihama, kaye na ufunguo visihame naye. Komite mpya ianze kwa kusoma ile kaye, ukurasa kwa ukurasa.

Mgeni anaweza kuleta pesa na vyombo. Desturi ya kutengeneza makosa, hiyo tunaijenga sisi wenyewe, siku kwa siku.

Ya kuzungumza nyumbani:
1. Katika kikundi chetu, ni nani anaogopa kusema? Kwa sababu gani?
2. Ni kosa gani tumelizoea mpaka hatulioni tena?
3. Watoto wakitushauri jambo, tunawasikiliza ao tunawanyamazisha?