Gari la marehemu baba mkwe

Dada mmoja wa Kisongo ananiuliza: "Tangu maonyesho ya Land Rover hapa Kisongo Oktoba 2024, mume wangu amelifufua gari la marehemu baba yake. Rangi inang'aa, lakini naogopa kupanda na watoto. Namkosea?"

Humkosei, dada. Gari lisilowaka halimuui mtu, lisilosimama huua.

Land Rover za Series zina breki za ngoma magurudumu yote manne. Nyingi za zamani zina masta silinda ya njia moja: mpira ukipasuka gurudumu moja, pedali inazama na magurudumu yote yanakosa breki. Fundi anaweza kufunga ya njia mbili na kutenganisha mabomba ya mbele na ya nyuma. Upande mmoja ukivuja, mwingine unabaki.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Gari lililolala miaka mingi limwagwe yote, mipira ibadilishwe, na upepo utolewe. Mafuta ya injini yasiingie humo kamwe, huharibu mipira. Na breki za gurudumu la kulia zikibadilishwa, za kushoto pia, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Shemeji akisema mzee aliliendesha hivyo hivyo, mwambie kwa upole: siku zile barabara haikuwa na bodaboda nyingi hivi. Alijaribu kwanza uwanjani, polepole, peke yake. Likisimama vizuri, pandeni wote. Mzee naye angefurahi.