Kipimo cha Haki na Moyo Mkunjufu

Wanafunzi wapenzi, ziko sifa mbili za Mkristo ambazo watu wengi huzitenga, kana kwamba mtu aweza kuwa na moja akaiacha nyingine. Ya kwanza ni uaminifu. Ya pili ni moyo mkunjufu wa kutoa. Mimi nasema ya kwamba sifa hizi ni ndugu wa tumbo moja, na uaminifu ndiye mkubwa wao. Tazameni mambo ya mkoa wetu wa Singida, nanyi mtaona.

Mwajua ya kuwa nchi yetu yasifiwa kwa asali yake, hasa ile itokayo Manyoni na katika vichaka vya Itigi. Nyuki hufanya kazi maisha yake yote, wala asali yake haijazi kijiko kimoja cha chai. Asali iliyoiva ina maji machache, hayafiki sehemu 20 katika 100. Kwa hiyo hukaa siku nyingi pasipo kuharibika. Lakini mwuzaji akiitia maji ili madebe yake yaongezeke, asali ile huchachuka. Mnunuzi hudanganyika mara moja tu. Kisha huikataa hata asali safi ya jirani asiye na kosa. Hivyo mwongo mmoja hula jasho la wengi.

Sasa, ikiwa mtu huyo atoa sadaka kubwa kanisani kutoka katika faida ya maji yake, je, tumwite mkarimu? Hasha! Ametoa kitu kisicho chake. Mkarimu hutoa mali yake mwenyewe, wala si mali ya mwenziwe.

Tena fikirini habari za vitunguu. Mkulima hupanda, hupalilia, huvuna, kisha huvitia katika magunia. Wako wanunuzi wasioridhika na gunia lililojaa; hutaka liongezwe kilemba juu yake, lishonwe kwa kamba, ndipo walipe bei ya gunia moja. Gunia hilo huitwa lumbesa. Sheria ya vipimo ya Tanzania imekataza mazao yasifungashwe kupita kilo 100, maana lumbesa humwibia mkulima. Lakini mkulima naye asijihesabie haki upesi. Akificha vitunguu vibovu chini na kupanga vizuri juu, yeye na yule mnunuzi ni wamoja.

Huenda mmoja wenu atauliza, “Je, Bwana Yesu hakufundisha habari za kipimo kinachojaa hata kumwagika?” Naam, alifundisha. Lakini alisema na mtoaji. Hakumpa mnunuzi ruhusa ya kudai. Mkulima akimwongezea mjane vitunguu vitano kwa hiari yake, hiyo ni nyongeza ya upendo. Mnunuzi akimlazimisha kuongeza vitano vile vile, huo ni unyang’anyi. Vitunguu ni vile vile, bali mioyo si ile ile.

Maandiko nayo huziweka sifa hizi mbili pamoja. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 19, Mungu awaagiza watu wake wawe na mizani na vipimo vya haki; na katika sura iyo hiyo awaagiza wasivune mashamba yao mpaka pembeni, ili maskini na mgeni wapate kitu. Anania na mkewe Safira walileta fedha miguuni pa Mitume. Walikuwa huru kutoa kidogo, lakini walisema uongo, na kipawa chao hakikuwafaa. Zakayo, mtoza ushuru, aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila mtu aliyemdhulumu. Hakudhani ya kuwa sadaka yaweza kufuta deni.

Wengine husema, “Sisi tu maskini, mvua zetu ni za msimu mmoja tu kwa mwaka, na pengine hukosa. Tutatoa nini?” Wahenga wamekwisha kujibu: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tena yuko mtu apimaye sawasawa, hamwibii mtu hata punje, lakini mwenye njaa akibisha mlangoni pake humfukuza. Huyo hana deni sokoni, lakini mbele za Mungu bado anadaiwa, kwa kuwa mtama wake ulimea kwa mvua asiyoinyesha yeye.

Nanyi wanafunzi, msingoje mpaka mwe na mashamba. Kumnong’oneza mwenzako jibu wakati wa mtihani si ukarimu, bali ni udanganyifu wa watu wawili. Ukarimu ni kuketi naye jioni, ukimweleza hesabu asiyoielewa, hata kama mchezo wakungoja uwanjani. Kumgawia rafiki kalamu uliyoiokota si ukarimu. Kwanza mtafute mwenyewe umrudishie. Na mama akikutuma dukani, chenji yote irudi mkononi mwake. Akikupa sehemu yake, hapo ndipo uwezapo kumgawia mdogo wako.

Basi shikeni utaratibu huu: kwanza lipa kilicho haki ya mwenzako, kisha toa kilicho chako kwa furaha. Mtu afanyaye hivyo, mkono wake hupokewa bila hofu, na neno lake huaminiwa bila kiapo.