Mwaka wa 221 K.K.: Upanga au Kalamu?

Tukiulizwa mashujaa wa kale, sisi wanafunzi hukimbilia wa vita. Hannibal wa Carthage, mji uliokuwa katika Tunisia ya leo, hakosi wa kumsifu, ati alivuka milima ya Alps na ndovu. Ujasiri wake sipingi. Lakini hebu tuutazame mwaka aliokabidhiwa jeshi, 221 K.K.

Mwaka uo huo, huko Uchina, mfalme wa Qin alimaliza kuziteka dola jirani. Kisha akaamuru maandishi yawe ya namna moja, na vipimo na sarafu vivyo hivyo.

Naye hakuwa malaika! Aliwatumikisha watu kwa nguvu, na mwaka wa 213 K.K. vitabu vingi vilichomwa kwa amri yake. Utawala wa ukoo wake haukumaliza hata miaka 20. Carthage nayo iliteketezwa na Warumi mwaka wa 146 K.K.

Sasa, kilibaki nini? Maandishi! Hadi leo Mchina wa kaskazini na wa kusini, hata wasiposikizana wanapoongea, huweza kusoma gazeti moja. Basi yule aliyechoma vitabu ndiye aliyewaachia watu njia ya kusomeana.

Kwa maoni yangu, upanga ulifanya kazi ya siku chache, kalamu ikafanya ya miaka zaidi ya 2,000. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari. Wenzangu, kabla ya kumwita mtu shujaa, tuulize kwanza aliwaachia watu nini.