Akili Ipo, Mafunzo Yako Wapi?

Tarehe 20 Julai ni Siku ya Sataranji Duniani. Siku kama hiyo, mwaka 1924, Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, liliundwa mjini Paris, na mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ukaitambua siku hiyo rasmi. Tunaitaja kwa sababu tunaamini kwamba mchezo huu una funzo kubwa kwa watu wa Unguja na Pemba, na kwa wale waliokabidhiwa elimu na michezo ya watoto wetu.

Sataranji si mgeni kwetu kama baadhi ya watu wanavyodhani. Jina lake pekee ni ushahidi. Wahindi wa kale waliuita mchezo wao chaturanga, yaani jeshi la vikosi vinne: tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Waajemi waliupokea, Waarabu wakaupata kwa Waajemi na kuuita shatranji, na neno hilo likaingia katika Kiswahili. Wazungu waliupata baadaye. Ilikuwa mwishoni mwa karne ya 15 ndipo walipobadili sheria zake, wakamgeuza waziri, aliyekuwa akienda hatua moja tu ya mshazari, kuwa malkia mwenye nguvu kuliko kete zote.

Mabingwa wa mwanzo ambao habari zao zimetufikia waliishi Baghdad katika enzi ya Makhalifa wa Bani Abbas. Al-Adli aliandika kitabu cha sataranji katika karne ya 9, na as-Suli akamfuata katika karne ya 10. Fumbo moja aliloliacha as-Suli, lenye kete chache mno, lilikaa takriban miaka 1,000 bila ya kufumbuliwa, mpaka bingwa wa Kisovieti Yuri Averbakh alipotoa jibu lake katika miaka ya 1980. Ni dhahiri kwamba fumbo hilo lisingemfikia Averbakh kama as-Suli angelichezea barazani, akaondoka, na asiandike.

Hapo ndipo lilipo jambo tunalotaka kulisema leo. Akili ya mchezo Mwenyezi Mungu ameigawa kila mahali. Bingwa, hata hivyo, hapatikani kwa akili peke yake. Hupatikana pale penye mwalimu, penye daftari, na penye mashindano yanayofanyika kwa mpango. Ushahidi tunao kutoka kwa watu wa visiwani kama sisi.

Tuanze na Cuba. José Raúl Capablanca alizaliwa Havana mwaka 1888, akajifunza sataranji akiwa na umri wa miaka minne kwa kumtazama baba yake akicheza. Mwaka 1901, kabla hajatimiza miaka 14, alimshinda Juan Corzo, aliyekuwa bingwa wa kisiwa hicho. Mtoto huyo alikuwa na kipawa, hapana shaka. Lakini alikikuta Havana chama cha sataranji ambacho tayari kilikuwa kimekaribisha mapambano ya ubingwa wa dunia, mwaka 1889 na mwaka 1892. Alipokua, serikali ya nchi yake ilimpa kazi katika Wizara ya Mambo ya Nje mwaka 1913, akawa anasafiri na kucheza kwa jina la Cuba. Mwaka 1921, hapo hapo Havana, alimshinda Emanuel Lasker wa Ujerumani bila ya kupoteza hata mchezo mmoja, akawa bingwa wa dunia mpaka mwaka 1927 aliponyang'anywa taji na Alexander Alekhine mjini Buenos Aires.

Capablanca alifariki mwaka 1942, lakini Cuba haikumzika pamoja na mchezo wake. Kuanzia mwaka 1962 yamekuwa yakifanyika mashindano ya kimataifa ya kumkumbuka. Mwaka 1966 Havana ilipokea timu za nchi 52 katika Olimpiki ya Sataranji, na watoto wakafundishwa mchezo huo mashuleni. Mwaka 1975 Silvino García akapata cheo cha bingwa mkuu, na wengi wamefuata baada yake.

Mfano wa pili ni Iceland, kisiwa cha baridi chenye watu wasiofika 400,000 hadi leo. Kisiwa hicho kilimtoa Friðrik Ólafsson, aliyekuwa bingwa mkuu mwaka 1958 na kisha Rais wa FIDE kuanzia 1978 hadi 1982. Mwaka 1972 dunia nzima ilielekeza macho Reykjavik, Bobby Fischer wa Marekani alipopambana na Boris Spassky wa Urusi ya Kisovieti. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 1,880,000 Unguja na Pemba. Basi udogo wa nchi si hoja.

Wala hatuwezi kusema kwamba watu wetu hawana bongo za mchezo wa namna hii. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina nyumba 64 na kete 32. Fundi wa bao huona kete zake zitakapoishia kabla hajazigusa, akahesabu mizunguko ambayo mgeni hawezi hata kuifuata kwa macho. Kinachotupungukia ni kuhifadhi. Michezo ya mafundi wetu kwa kawaida haiandikwi. Fundi anapofariki, watu husimulia kwamba alikuwa hashindiki, lakini kijana wa leo hawezi kuufungua mchezo wake mmoja akajifunza. Huo ni msiba, na tunauzoea kila mwaka.

Wapo watakaosema kwamba shule zina mahitaji mengi zaidi ya mchezo. Hoja hiyo ina uzito, na hatupendi kuijibu kwa kutia chumvi. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika shule za msingi 100 za Uingereza, ukatolewa mwaka 2016, haukuona kwamba wanafunzi waliofundishwa sataranji waliwazidi wenzao katika hesabu mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo asiahidiwe mzazi yeyote kwamba mtoto atafaulu mtihani kwa sababu ya sataranji. Anachojifunza mtoto ni kufikiri kabla ya kunyoosha mkono, kukubali kushindwa bila ya ugomvi, na kurudi kulitafuta kosa lake mwenyewe. Na gharama yake ni ndogo: ubao huweza kuchorwa juu ya boksi kuukuu, na kete zikachongwa na seremala wa mtaani.

Wapo pia wenye wasiwasi wa dini, na wasiwasi huo unastahili heshima. Wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa visiwani, kauli mashuhuri ni kwamba mchezo huu ni karaha, si haramu, maadamu hauna kamari wala haupitishi wakati wa sala. Mipaka hiyo na iwekwe wazi tangu mwanzo, na mzazi asiyeridhia asilazimishwe.

Kwa hiyo tunawashauri wanaohusika mambo matatu. Kwanza, wachaguliwe walimu wachache wanaoupenda mchezo, Unguja na Pemba, wafundishwe namna ya kufundisha. Capablanca mwenyewe, katika kitabu chake cha misingi kilichotoka mwaka 1921, alishikilia kwamba mwanafunzi aanze na mwisho wa mchezo, kete zikiwa chache, ili aijue nguvu ya kila moja. Pili, yawepo mashindano ya kila mwaka baina ya shule, wasichana kwa wavulana. Nona Gaprindashvili wa Georgia alipata cheo cha bingwa mkuu mwaka 1978, na akawa mwanamke wa kwanza kukipata. Hatuoni kwa nini binti wa Wete au Makunduchi afungiwe mlango. Tatu, kila mchezo wa mashindano uandikwe, na bao liandikwe vile vile, mafundi wetu wangali hai wa kutueleza.

Mambo haya hayangoji jengo jipya wala msaada kutoka nje. Yanangoja uamuzi na mtu wa kuyasimamia. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Akili za watoto wetu ni mali, na za wazee wetu ni mali. Tulifungue daftari sasa.