Daftari la Ndege na Ukweli wa Askari

Hapana shaka wapo watakaocheka wakisikia kwamba twawashauri askari na polisi wa mwambao wa Minago wafungue daftari la ndege. Watauliza: mlinzi wa ziwa ana haja gani ya kuhesabu mnandi na yangeyange? Swali hilo ni la haki, nasi twapenda kulijibu.

Vyama vya watazamaji ndege katika nchi nyingi vina shindano la kirafiki la mwaka mzima. Tarehe 1 Januari kila mwanachama hufungua daftari tupu. Hadi tarehe 31 Desemba huandika kila aina ya ndege aliyoiona, pamoja na siku na mahali. Mwaka 2015 Mmarekani Noah Strycker alizunguka mabara yote saba, akaandika aina 6,042. Lakini si lazima kwenda mbali hivyo. Mjini Nairobi, Bibi Fleur Ng'weno alianzisha mwaka 1971 matembezi ya kila Jumatano asubuhi, na wengi wamewajua ndege humo kwa miguu yao tu.

Jambo linalotuvutia ni hili: katika shindano hilo mshindani ndiye mwamuzi wake mwenyewe. Akimwona ndege kwa mbali katika ukungu, hakuna wa kumzuia asiandike kuwa ni furukombe. Aliye mwaminifu huandika kwamba hakumtambua. Hupungukiwa na ndege mmoja, akabaki na heshima yake. Je, ndugu zetu, si hivyo hivyo kwa taarifa ya doria? Aliyezoea kuandika zaidi ya alichokiona, leo atajiongezea ndege. Kesho atamwongezea mvuvi kosa. Na kosa lililoandikwa na mwenye sare halifutiki kwa urahisi: kwa ajili yake mtu hulala mahabusu, na watoto wake hulala na njaa.

Iko faida ya pili. Mvuvi arejeaye alfajiri na ndagala zake huwajua ndege wa ziwa kuliko sisi sote. Amjua mdiria asimamaye hewani kabla ya kujitosa majini; awajua mbayuwayu wakimbiao baridi ya Ulaya. Askari atakaye kujaza daftari lake hana budi kwenda kumwuliza. Mwambao huu umeonja vita, wala si ajabu mzee akishtuka aonapo darubini mikononi mwa mwenye sare. Basi na aje siku moja askari ufukweni, amwamkie mzee huyo, amwulize jina la ndege badala ya kitambulisho.

Twasisitiza kwamba zamu hutangulia. Daftari hufunguliwa saa za mapumziko. Viota visiguswe, na risasi isipotezwe kwa mchezo. Mshindi naye asipewe fedha, maana fedha huzaa uongo. Yatosha apigiwe makofi mbele ya kikosi, na daftari lake lisomwe kwa sauti, pamoja na wale ndege aliokiri kwamba hakuwatambua.

Macho ya mlinzi ni mali ya taifa. Na yazoezwe kuona kilichopo, na mkono uandike hicho tu.